Mhariri, picha za sinapsi mtutajie na rangi iliyotumika

Mhariri salamu,

Makala yenu ya hadubini zinazoona ndani ya sinapsi nimeisoma yote na nimefurahi mmeiandika, ila sifa zote mmeimwagia hadubini na leza, rangi, yaani zile molekuli zinazong'aa tunazozibandika kwenye protini ili zionekane, haikupata hata sentensi moja, na mimi ambaye kazi yangu ni kuzipima hizo rangi nimeshindwa kunyamaza.

Hadubini ya kawaida ya mwanga inagota kwenye nanomita 200 hivi (nanomita ni sehemu ya milioni ya milimita), mwanafizikia Ernst Abbe alishalieleza hilo tangu 1873. Sasa ule mwanya wa sinapsi, pale seli mbili za neva zinapokutana, ni kama nanomita 20 tu, kwa hiyo unachoona ni doa, basi. Mbinu za hadubini ziitwazo STORM na PALM zilizotoka 2006 zinafanya molekuli za rangi ziwake chache chache kwa zamu. Fikiria umati gizani, wote wamewasha tochi, kwa mbali unaona mwanga mmoja tu, ila wakiwasha mmoja mmoja unaweza kusema kila mtu kasimama wapi.

Sasa anayewaka na kuzima ni nani? Ni rangi! Na hapa ndo watu wengi wanateleza, wanachukua inayong'aa kuliko zote wanaona wamemaliza. Kung'aa kunasaidia sana, fotoni, yaani chembe za mwanga, zikiongezeka mara nne kosa la kupima mahali molekuli ilipo linapungua kwa nusu, lakini rangi inayokaa imewaka muda mrefu haifai hata ing'ae vipi, manake kwenye sinapsi protini zimebanana, rangi mbili zikiwaka pamoja programu ya kompyuta inaweza kuziona kama moja na kuiweka katikati, mahali ambapo hamna kitu. Rangi iitwayo Alexa Fluor 647 inapendwa kwa sababu hiyo hiyo, kila mmweko unatoa maelfu ya fotoni halafu muda mwingi mno iko giza.

Shida inaanza ukitaka rangi ya pili, na kwenye sinapsi lazima uitake, moja kwa protini ya Bassoon upande unaotuma ujumbe na nyingine kwa protini ya Homer upande unaopokea. Mara nyingi ya pili ni dhaifu kuliko ya kwanza, sasa ukikuta upande mmoja umetawanyika zaidi, ni sinapsi iko hivyo au ni rangi? Mimi nazibadilisha, iliyokuwa kwa Bassoon inaenda kwa Homer na ya Homer inarudi kwa Bassoon, napiga picha upya. Kilichohama pamoja na rangi hakikuwa cha sinapsi.

Halafu kuna bafa, yale maji yenye dawa ambamo sampuli inakaa wakati wa kupiga picha. Ile yenye glukosi na kimeng'enya cha kuondoa oksijeni inatengeneza asidi taratibu, pH inashuka, mmweko unabadilika, kwa hiyo seli ya kwanza na ya mwisho kwenye slaidi ile ile hazikupimwa kwa hali moja, na ukiwa umepima kundi la kulinganishia mwanzo na la dawa mwishoni basi umeshajidanganya.

Kinachoniuma zaidi ni hivi vikundi vya vipokezi, yaani protini zinazopokea ujumbe, ambavyo kila mtu anavitangaza siku hizi. Vipo kweli, sikatai, ila molekuli moja ya rangi ikimweka mara kumi inaacha nukta kumi zilizosongamana na kwa macho hicho ni kikundi. Lazima kwanza upime rangi yenyewe ikiwa imetawanywa mbalimbali, ujue inarudi kuwaka mara ngapi, na uipime kwenye tishu pia manake kwenye kioo kitupu inaweza kuwa na tabia nyingine kabisa. Bado hujaongeza kingamwili mbili zilizopandana zinazoishikiza rangi kwenye protini, hizo zinaweza kuisogeza rangi nanomita 10 na zaidi kutoka kwenye protini, na mwanya wenyewe tumesema ni 20.

Kwa hiyo naomba mkichapa picha kama zile, chini yake muandike jina la rangi na bafa, mistari miwili tu. Na mtafiti mnayemhoji akisema hakuwahi kuzibadilisha rangi zake, muulizeni kwa nini, na jibu lake mlichape.

Msomaji wenu, fundi wa maabara ya hadubini