Mheshimiwa Waziri wa TEHAMA, kompyuta zetu bado zinawaka

Mheshimiwa Waziri, salaam kutoka Arua, Uganda. Mimi mwalimu wa kompyuta tu, sekondari moja huku West Nile, naandika kwa simu sababu umeme umeenda tena, nivumilie.

Maabara yetu ina kompyuta 18, zote mitumba (mivumba tunavyosema huku), wazazi ndio walichanga. Prosesa ni Intel Core i5 za kizazi cha 4 (yaani toleo la nne), RAM giga 8, hazisumbui kabisa. Sasa Microsoft wamefunga sapoti ya Windows 10 tangu tarehe 14 Oktoba 2025, yaani hakuna tena apdeti za usalama za bure, na Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu, yaani za kuanzia 2017, zetu ni za 2013. Si kwamba zinakwama, hazimo kwenye orodha, basi. Kinachonichekesha, hata za kizazi cha 7 walizikataa karibu zote, wakaruhusu chache, mojawapo i7-7820HQ, kumbe ndiyo imo ndani ya Surface Studio 2, mashine yao wenyewe. Haya.

Apdeti za kulipia zipo, za shule rahisi kweli, dola 1 kwa kompyuta mwaka wa kwanza halafu 2 halafu 4, lakini mpaka uwe na Windows halali na yetu, samahani Mheshimiwa, ilikuja na flashi ya fundi.

Sasa kuna muuzaji kaiambia bodi ya shule zote 18 ni takataka, azibebe atuletee "mpya" tumuongezee hela. Nikamuuliza hizo mpya kizazi cha ngapi? Cha 6. Wallahi nilinyamaza.

Mimi nimeshapiga Linux Mint (mfumo wa bure badala ya Windows) kwenye 3, na LibreOffice (ya bure, badala ya Word na Excel), watoto wa S.5 (kidato cha tano) siku ya pili wanachora majedwali bila kuniita. Lakini mwenyekiti anaogopa, mkaguzi akija asikute Windows itakuwaje, na pepa ya vitendo ya Sub ICT (somo la kompyuta la S.5 na S.6) je? Hapo ndipo nakuomba, kaa na mwenzako wa Elimu na watu wa UNEB (baraza la mitihani) mtoe waraka, hata ukurasa mmoja, useme wazi kama shule inaruhusiwa kufundisha na kufanyia mtihani kwenye Linux, na anayeuzia shule kompyuta aandike kizazi cha prosesa kwenye risiti.

Bodi inakaa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Lori la muuzaji limeshaulizia njia.