Mama Tasha, niulizie mzee wako kuhusu hii ploti

Lodwar, Novemba 2013

Mama Tasha wangu,

Sasa wewe! Mko aje huko Nakuru? Tasha aliacha kukohoa? Mzee je, na mama yake bado yuko hapo kwenu ama alirudi Molo? Sisi tuko, Kevo ameanza kuongea Kiturkana kunishinda, joto ndio linataka kutumaliza lakini tuko. Usininunie kwa kunyamaza, huku netiwaki ina siku zake, na hii nayo singeweza kukuambia kwa simu kredo ikatoshea.

Maneno yenyewe ni nyumba. Natolewa. Si kutolewa kwa matusi, hapana, ule mzee ni mpole hata unaona aibu kumkasirikia. Alikuja Jumapili na ekicholong yake, kile kistuli kidogo cha mbao wazee wa huku hutembea nacho, anakikalia na akichoka anakilalia kichwa, akakaa hapo mlangoni tukaongea mbuzi, tukaongea mvua ambayo haijanyesha, akanywa chai, akaitisha ingine, nami najiambia leo mzee amenikumbuka. Kumbe. Akiinuka ndio anasema ati kuna mtu wa ofisi ya kaunti anataka hii nyumba kuanzia Januari, atalipa mara mbili ya vile mimi nalipa, na ameshalipa miezi kadhaa mbele. Hata hakuniuliza kama naweza kuongeza! Angeniuliza ningebishana kidogo nijisikie vizuri, lakini pesa ya mtu iko kwa mfuko wake tayari, nitabishana na nini?

Sasa wewe unakumbuka vile nililia nikipata ile leta ya kuletwa huku. Wote mliniuliza umekosea nani. Na mlikuwa na haki, juu Lodwar ilijulikana ni mahali pa kutupwa, mkoloni mwenyewe alimtoa Kenyatta jela ya Lokitaung akamweka hapa, na serikali zilizofuata zikaendelea na hiyo tabia, ukigombana na bosi unaletewa barua ya Turkana. Hata njia ilikuwa inakuambia rudi nyumbani, kutoka Kainuk kuja Lokichar lami imebaki vipande vipande na mko kwa msafara na polisi mbele, kila mtu kwa basi ananyamaza hata mtoto halii.

Alafu tukapiga kura Machi. Mambo yakageuka mbio sana mpaka unashindwa kufuata. Gavana akaingia, bunge la kaunti likaingia, mawaziri wa kaunti, na ile hesabu ya kugawa pesa za kaunti ikaipa Turkana fungu la pili baada ya Nairobi, hebu fikiria, Turkana! Na ilikuwa tu mwaka jana walipata mafuta kwa kile kisima cha Ngamia 1 huko upande wa Lokichar, juzi Septemba UNESCO na serikali wakatangaza kuna maji mengi chini ya ardhi Lotikipi. Kwa hivyo sahii ndege kutoka Nairobi zinajaa, kila mtu na mkoba wa laptop na viatu vya kung'aa ambavyo baada ya wiki vitakuwa rangi ya mchanga. Wale wale waliokuwa wanasema huku ni jela ndio wanang'ang'ania chumba cha mabati na mimi. Unajua wenyeji hapa mtu akisafiri Kitale wanasema ameenda Kenya? Huyo mzee aliniambia akicheka, sasa hatuendi tena, Kenya ndio imekuja. Alicheka yeye, mimi nilicheka kwa adabu tu.

Kinachoniuma ni kwamba nilikuwa nimeishaijua hiyo nyumba. Haina silingi, saa nne asubuhi mabati yameanza kulia ta, ta, ta yakitanuka, saa sita ukiingia ndani ni kama umefungua oveni, kwa hivyo tulijifunza kuishi nje. Usiku tunatoa magodoro kwa uwanja, tunafunga neti kwa kamba ya nguo, na asubuhi kila kiatu kinapigwapigwa chini kabla mguu uingie, kwa sababu ya nge. Kevo anafanya hivyo hata kwa slipa, sijui nge atajificha wapi kwa slipa. Maji ya bomba yakija unaacha yote unajaza mitungi, saa yoyote, hata saa nane usiku. Na nje nikajengewa kile kibanda, nilikutumia picha? Kina mama wawili walikuja na makuti ya mkoma na miti, bila tepu bila kamba ya kupima, mimi nimesimama hapo na rula ya Kevo wananicheka mpaka wanakaa chini. Siku mbili kimesimama, kimenyooka. Ukinyunyiza maji kidogo kwa mchanga hapo ndani mchana, ukakaa na upepo upite kwa makuti, wacha tu. Sasa mtu wa ofisi ndio atakaa kwa kivuli changu akisoma gazeti!! Nimefikiria kukibomoa nibebe makuti yangu. Mama Akiru jirani amesema nikifanya hivyo nitachekwa mpaka Kalokol.

Enyewe siku ile pekee nyumba ilikaa poa ni Novemba 3 jua lilipopatwa jioni. Wazungu walikuja mpaka ziwani na miwani yao na kamera refu refu, mimi nilitoka nje nikasikia tu joto limeshuka nikasema asante Yesu, kidogo tu likarudi.

Sasa ndio nifike kwa ile kitu. Kuna mzee mwingine, anajulikana, si broka, anataka kuniuzia ploti. Si upande wa Kawalase, hiyo nilikataa mapema, huo mto unauona ni mchanga mtupu watoto wanacheza mpira, alafu mvua inanyesha huko milimani wewe huku anga ni safi, na maji yanakuja yamebeba miti na mbuzi. Hii ploti iko juu, mchanga mgumu, na kuna mkoma mmoja mkubwa umesimama kwa kona. Karatasi aliyo nayo ni barua ya kaunsili, ule utawala wa hapa kabla ya kaunti, ya kupewa ploti, na stempu yake, na risiti za kulipia kila mwaka, nimeziona. Shida ni kwamba kaunsili yenyewe ilikufa Machi! Nilienda ofisini kuuliza nani sasa anatambua hizo barua, mmoja akasema stempu ni stempu, mwingine akasema tungoje, faili bado zinahesabiwa, wa tatu akaniuliza kama nina ploti ingine ya kuuza.

Alafu kazini, kwa wodi ya hospitali, kuna clinical officer (tabibu) mmoja hapendi kulala, alitusomea katiba, ibara ya 63, inasema ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa inashikwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya jamii, na haiwezi kupeanwa ama kutumiwa mpaka bunge litunge sheria. Na hiyo sheria bado. Sasa hapa mjini ploti ni ya jamii ama ilishatoka kwa jamii siku nyingi? Hapo ndipo nakwama. Nikilala naiwaza, nikidunga mtu sindano naiwaza.

Na kuna ile ingine ambayo hakuna karatasi. Vijana wa huku wana uchungu, mwezi jana walienda mpaka kwa watu wa mafuta juu ya kazi, kazi ikasimama. Siwalaumu. Ningekuwa mimi, nimekaa miaka yote hakuna mtu ananitaka, alafu pesa ikionekana tu watu wanashuka kwa ndege kuchukua kazi na ploti, ningekasirika kuliko wao. Mimi nami si ni mtu wa kuja? Nilimuuliza Mama Akiru wazi wazi, akasema wewe ulikuja wakati hakuna mtu alikuwa anakuja, umezalisha watoto wetu, jenga, lakini kwanza uende kwa wazee mkae chini, usianze na karatasi. Naona yeye amesema vizuri kuliko ofisi yote. Lakini wazee wakikubali na siku moja mtu atoe karatasi ingine?

Ya kazi sitakuchosha, unayajua. Tangu Agosti afya iliposhushwa kwa kaunti hakuna anayejua Januari mshahara utatoka wapi, wenzangu wanatafuta transfa kabla mlango ufungwe, na watu wanaongea ati Desemba tutagoma nchi nzima. Kila mtu ananiuliza mbona sijaandika barua ya kuhama. Sina jibu la maana. Wamalwa alinipigia akasema kuna nafasi Kitale, nyasi, mahindi, baridi ya kuvaa sweta, nikamwambia nitafikiria nikaenda kuangalia ploti tena.

Kwa hivyo mwambie Baba Tasha, yeye si yuko hapo kwa mambo ya ardhi, aniangalilie hizi: barua ya kaunsili iliyokufa bado ina nguvu? Kaunti inaweza kuikataa? Nikiandikiana na mzee mbele ya wakili na chifu inasaidia ama ni kupoteza pesa? Kuna mahali hapo kwao wanaweza kusachi ploti ya Lodwar ama lazima ni hapa? Na mwambie asinipe lile jibu lake la "inategemea", namjua.

Na wewe mwenyewe unaonaje, niambie ukweli, nimechizi? Ungekuwa wewe ungenunua ama ungerudi? Mama Shiru amesema nini, juu najua umeshamwambia? Hao wa kwenu wameambiwa chochote kuhusu payroll? Mtagoma? Na kama kuna mtu anakuja huku kabla ya Krismasi unaweza kumpatia zile shuka mbili niliacha kwako na mbegu za sukuma? Zile zinakuja na lori kutoka Kitale zinafika zimeshalala, nataka kujaribu kupanda zangu hapo karibu na huo mkoma, kama itakuwa yangu. Mzee wa ploti amesema ataningoja mpaka mwisho wa mwezi, kwa hivyo fanya haraka, nitumie hata meseji.

Ni mimi,
Mama Kevo