Taarifa ya mwenyekiti: mwaka wetu na makaburi ya Warumi

Ndugu wanachama habari zenu, poleni nimechelewa kuandika. Kwanza asanteni mliolipa ada mapema maana ndo ilitupeleka London na Liverpool, hesabu yenyewe mweka hazina atawasomea mkutanoni.

Wengi mliniuliza mwaka mzima tunahangaikia nini makaburi ya Warumi, na jibu mi nililipata pale British Museum, yale makumbusho ya London, mbele ya jiwe la kaburi la Hermia na mkewe Philematium. Ni la Roma, kama miaka 80 kabla ya Kristo, mume alikuwa muuza nyama kilima cha Viminal, wote walikuwa watumwa wa bwana mmoja wakaachiwa huru, na hapo wamechongwa wamesimama wanatazamana, mke kashika mkono wa mumewe anaubusu. Kila mtu ana maneno yake ubavuni, mke anasema huyu alinipakata nikiwa na miaka 7, nimekufa nina 40. Yaani mtu aliyewahi kuuzwa kama mzigo kaacha jina lake na la mwenzie kwenye jiwe, wallahi nilishindwa kuondoka pale.

Lilifikaje London? Lilikuwa kwenye mkusanyo wa Duke wa Blacas, Mfaransa, makumbusho wakaununua 1867. Kabla yake Mwingereza mmoja mkusanyaji, Charles Townley, alijaza nyumba yake sanamu za marumaru, alipofariki 1805 wakazichukua kwa pauni 20,000. Na kule karibu na Liverpool Henry Blundell alikusanya vitu zaidi ya 500, vikiwemo vile visanduku vya majivu maana Warumi wengi enzi hizo walichoma maiti, hata akavijengea jumba la duara mfano wa Pantheon, lile hekalu la Roma.

Iliniuma, sifichi. Kisanduku kimechongwa kimhifadhi mtoto wa mtu afu kinaishia kuwa pambo la tajiri. Ila tuwe wakweli pia, marumaru nyingi za Roma zilichomwa tanuruni zikawa chokaa, hizi angalau tunazisoma.

Kwa hiyo mwakani naomba tuanze na majina kabla ya kusifia uchongaji, kila mwanachama achague kaburi moja atusomee. Wasiojua Kilatini wasiogope, tutaanzia herufi D na M zilizo juu ya makaburi mengi, yaani kwa mizimu ya marehemu, na linalofuata chini yake mara nyingi ni jina.