Barua ya kufunga muhula: kazi yetu ya makaburini

Ndugu Wazazi na Walezi,

Salaam. Leo tunafunga shule. Ripoti ya mwanao imo ndani ya bahasha hii. Naomba usome maoni ya mwalimu wa darasa kabla hujatazama ameshika nafasi ya ngapi. Karatasi iliyobaki nataka niitumie kuzungumzia makaburi yaliyo jirani na shule.

Wengi mnajua kwamba majirani wamejitolea kuyasafisha makaburi yale yaliyokuwa yamemezwa na vichaka, na kwamba wanafunzi wa madarasa ya juu huungana nao kila Jumamosi. Wanaofyeka ni watu wazima. Kazi ya watoto ni kupiga picha, kuchora ramani ya safu na kunakili majina daftarini.

Kosa letu nalo lazima niliseme. Siku ya kwanza niliruhusu brashi za waya. Jiwe moja la chokaa liling'aa kwa dakika chache, na tarehe iliyokuwa ikisomeka kwa shida ikafutika kabisa, kwa sababu waya ulikwangua ukungu pamoja na uso wa jiwe. Nilikwenda kuiomba radhi familia husika. Tangu hapo tunatumia maji matupu na brashi laini, basi. Tafadhali msiwape watoto siki wala blichi. Siki huyala mawe ya chokaa na marumaru. Blichi huacha chumvi ndani ya jiwe, na chumvi hiyo hulimegua polepole. Saruji ya kuziba nyufa pia hatuitaki, maana ni ngumu kuliko jiwe lenyewe na hufungia unyevu ndani.

Kuna jiwe dogo tulilodhani halina maandishi. Mwanafunzi mmoja akashika kioo, akalimulika jua kutoka ubavuni, vivuli vikaingia kwenye michoro ya herufi, jina likajitokeza. Wenzake wakachukua tarehe mbili wakatoa: miezi minne. Nimefundisha hesabu za kutoa miaka mingi, na sijaona watoto wakinyamaza vile kwa sababu ya jibu.

Kazi itaendelea likizo nzima. Atakayekuja awe na ruhusa yako ya maandishi, viatu vya kufunika mguu mzima na glavu. Hakuna kuegemea wala kukalia mawe, kwani jiwe lililoinama likimwangukia mtoto linaweza kumuua. Na kaburi lenye wenyewe haliguswi kabla hawajaulizwa.

Ombi langu kubwa ni hili. Makaburi mengi pale hayana jiwe. Mengine ni tuta dogo, mengine ardhi imedidimia tu, na hakuna kioo kitakachotusaidia. Waliolala humo wanajulikana na wazee, na wazee hao wako majumbani kwenu. Mkalishe mwanao karibu nao, aulize nani amezikwa wapi na ubavuni mwa nani, aandike kama anavyosimuliwa, hata mwaka ukiwa wa kukisia. Mzee mwenye nguvu za kutembea, mleteni Jumamosi atuonyeshe kwa mkono wake. Kiti chenye kivuli tutamwandalia.

Madaftari yatapokelewa na mwalimu wa zamu siku tutakayofungua shule.

Wenu katika malezi,
Mwalimu Mkuu