Barua kwa Mwanangu: Sukari Ikae Karibu na Mto

Mwanangu mpenzi,

Marahaba, mama. Shikamoo yako nimeipokea, pamoja na habari uliyoiweka mwishoni kabisa mwa ujumbe kana kwamba ni jambo dogo kwa mwenye kisukari kama wewe: kwamba wiki hii umeamka mara tatu mikono ikitetemeka na shuka limelowa jasho, nawe ukasubiri hadi mgahawa wa chuo ufunguliwe ndipo unywe chai. Hiyo nusu saa ya kusubiri ndiyo iliyoninyima usingizi.

Unakumbuka asubuhi ile ulipokuwa darasa la tano, ulipotetemeka hadi kikombe kikawa kinagonga meno yako? Tulidhani ni malaria. Mama yako alikufunika blanketi, nami nikatoka mbio kutafuta dawa, ilhali mashine ya kupimia sukari ilikuwa juu ya kabati, hatua mbili kutoka kitandani. Bibi yako ndiye aliyesema tupime kwanza, na mashine ikasoma 2.8 (milimoli kwa lita), yaani sukari ya damu ilikuwa imeshuka mno. Kosa lile silisahau, na sitaki ulirudie ukiwa peke yako bwenini.

Insulini, dawa ya kushusha sukari, ile yenye rangi ya maziwa unayochoma saa tatu usiku, hufanya kazi kwa nguvu zaidi baada ya muda wa saa 4 hadi 10, yaani kuanzia usiku wa manane mpaka alfajiri, wakati tumbo ni tupu na ini peke yake ndilo linalotoa sukari ya akiba. Ukiwa umecheza netiboli jioni, misuli nayo huendelea kuivuta sukari kwa saa nyingi hata ukiwa umelala. Sukari ikishuka mno, mwili humwaga adrenalini, homoni ya kuushtua mwili, na hiyo ndiyo inayokutetemesha, inayoupeleka moyo mbio na kukutoa jasho.

Kwa hiyo, mama, paketi ya glukosi ikae karibu na mto, mahali ambapo mkono unafika kabla hujasimama. Ukiamka unatetemeka, pima. Ikiwa chini ya 3.9, kunywa vijiko vya chai vitatu hadi vinne vya glukosi au sukari katika maji, au mililita 150 za soda ya kawaida, kisha ukae dakika 15 na upime tena. Ikiwa bado iko chini, rudia. Mashine ikiwa mbali, kunywa kwanza. Usianze na andazi wala karanga, kwa maana mafuta huchelewesha sukari kuingia kwenye damu. Hivyo ni vya baadaye, sukari ikishapanda na chai ikiwa bado haijawa tayari. Wapo watakaokuambia kwamba mwenye kisukari haruhusiwi kugusa sukari. Kwa saa ile wanakosea kabisa, na usiwaonee haya.

Umeandika pia kwamba unakula saa kumi na mbili jioni na kuacha kitafunwa cha usiku ili hela ifike mwisho wa mwezi. Hapo sikubaliani nawe hata kidogo. Pima kabla ya kulala, na kama sukari inaelekea chini, au ulifanya mazoezi, kula kipande cha kiazi kitamu na karanga, au mkate na glasi ya maziwa. Hela ya kitafunwa hicho nitaituma kila Jumatatu, mbali na ile ya matumizi.

Hata hivyo, asubuhi tatu katika wiki moja haziponywi na vitafunwa peke yake. Pima saa tisa usiku kwa siku mbili tatu, uandike namba zote, na uende nazo kliniki wiki hii hii, kwa kuwa huenda dozi ya usiku imekuwa kubwa. Usiipunguze kwa kukisia. Mwenzako wa chumbani naye ajue: akikukuta huamki, asikumiminie kitu mdomoni, bali akulaze ubavu na aite msaada wa kukupeleka hospitali mara moja.

Kesho utapokea mzigo kwa basi la jioni: paketi nne za glukosi, stripu 50 za mashine ya kupimia, na karanga alizokaanga mama yako. Keshokutwa ukiamka, nitumie namba ya mashine hata kabla ya shikamoo.

Wako akupendaye,
Baba