Semina za mtandaoni zipangwe kwa saa zetu na kwa bando letu

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na taasisi, halmashauri na mashirika yanayoandaa semina, maonesho na minada ya mtandaoni kwa ajili yetu wafanyabiashara wadogo. Nasindika viungo hapa Morogoro: mdalasini, pilipili manga, iliki na karafuu, mzigo unaoshuka kutoka vijiji vya Milima ya Uluguru kama Kinole na Matombo. Katika kikundi chetu cha akina mama mimi ndiye katibu, kwa hiyo mialiko yote ya mtandaoni inaanzia kwenye simu yangu.

Shughuli nyingi za aina hii zinaandaliwa kwa mtu mwenye meza, kompyuta na intaneti ya ofisi, kisha zinatangazwa kuwa ni za mama wa sokoni. Mama huyo haingii, au anaingia na kutoka katikati, halafu inasemekana wajasiriamali wadogo hawana mwamko. Mwamko tunao. Tunaomba tupangiwe mambo tunayoyaweza.

Mwaka jana taasisi moja ilitualika kwenye webina ya vifungashio na masoko. Tulijaza fomu iliyotaka jina, namba ya NIDA, TIN na barua pepe. Wengi wetu barua pepe tuliyo nayo ni ile iliyofunguliwa na fundi siku tuliponunua simu, na nywila anaijua yeye. Linki ikatumwa huko huko kwenye barua pepe, asubuhi ya siku yenyewe. Tangazo liliandikwa 10:00 AM, na baadhi ya wenzangu wakajiandaa kwa saa kumi jioni, maana ndivyo tunavyosoma saa. Waliofanikiwa kuingia saa nne asubuhi waliacha wateja, kwa sababu huo ndio muda ambao wenye migahawa na wanunuzi wa rejareja wanazunguka Soko Kuu la Chifu Kingalu kuchukua mzigo.

Kilichofuata kilinisikitisha zaidi. Muda mrefu ulikwenda kwenye utambulisho na salamu za wageni waalikwa. Mwezeshaji alipoanza, aliweka kurasa za maelezo kwa Kiingereza, zenye jedwali la maandishi madogo ambayo kwenye skrini ya simu yanaonekana kama mistari tu. Alikuwa anaijua kazi yake, na alipoeleza kwa mdomo namna unyevu unavyoharibu iliki iliyofungwa kwenye nailoni laini, sote tulitulia tukamsikiliza. Mara mkutano ukakatika. Waandaaji walitumia toleo la bure la Zoom, ambalo mwisho wake ni dakika 40. Linki mpya ikatumwa, kwenye barua pepe tena. Mwenzangu alikuwa na swali moja tu: aanzie wapi kupata alama ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango. Jibu lake ni fupi, kwamba mjasiriamali mdogo aanzie ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, apate barua ya utambulisho. Hakupata mtu wa kumjibu siku ile, na bando lilikuwa limeisha.

Hilo la bando waandaaji walizingatie kuliko lote. Mkutano wa video wa watu wengi unaweza kula gigabaiti nzima kwa saa moja au kupita hapo. Mama anayejiunga bando la siku amemaliza kila kitu kwa semina moja, na jioni hawezi kumjibu mteja aliyeulizia bei. Sauti peke yake inakula kidogo sana. Kama taasisi ina fedha za kukodi ukumbi na kulipa posho kwa semina ya ana kwa ana, basi ile ya mtandaoni iwe na fungu la bando la washiriki, lirushwe kwenye simu zao siku moja kabla. Na kama fungu hilo halipo, somo litolewe kwa ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp, vipande vya dakika tatu tatu, kila kipande na picha yake moja iliyo wazi. Mtu atasikiliza akiwa anachambua karafuu, na asipoelewa atarudia.

Saa zetu zinajulikana. Kuanzia saa mbili na nusu usiku watoto wameshakula, soko limefungwa, simu imechajiwa. Mwezi wa Ramadhani isubiriwe tarawehe iishe. Siku Simba na Yanga wanapocheza pasipangwe kitu chochote, hata kama mgeni rasmi ameshakubali tarehe hiyo. Tena mafunzo na mauzo havipangwi tarehe zilezile. Mauzo ya mtandaoni yawekwe kuanzia tarehe 25 hadi wiki ya kwanza ya mwezi unaofuata, mishahara ikiwa imetoka. Mafunzo yawekwe katikati ya mwezi, biashara inapopoa na mtu ana nafasi ya kukaa akasikiliza.

Kuhusu kutangaza: tangazo likiishia kwenye Instagram ya taasisi litawafikia wanaoifuata taasisi hiyo, na mama wa Kinole hayumo. Afuatwe alipo. Vikundi vya VICOBA, vile vya kuweka na kukopa, vina siku yao ya kuweka hisa, na mwenyekiti akitangaza siku hiyo, kila mtu amesikia na ameuliza maswali papo hapo. Afisa maendeleo ya jamii wa kata anavijua vikundi vinavyoomba mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ile ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa kuwa maombi yanapitia kwake. Afisa huyo akipewa ujumbe mfupi wa Kiswahili wiki mbili kabla, taarifa itafika hadi milimani. Redio za mkoani zina vipindi vya asubuhi ambavyo kila muuza chapati anavisikiliza. Ujumbe wenyewe useme siku, tarehe, saa ya Kiswahili, programu itakayotumika, kiasi cha bando kinachohitajika, na kitu kimoja ambacho mshiriki ataondoka nacho. Mtu akiambiwa "utajua gharama za lebo na mahali pa kuichapisha" atakuja. Akiambiwa kuna "jukwaa la kuwajengea uwezo wadau" hajaambiwa kitu.

Ujumbe wa kukumbusha utumwe jana yake, kisha saa moja kabla. Utumwe kwa SMS pia. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ikasuasua nchini kwa siku kadhaa, waliokuwa na namba za wateja kwenye daftari waliendelea kuuza kwa simu na SMS. Waliotegemea ukurasa wa mtandaoni peke yake walikaa wakisubiri.

Niwaeleze tunavyofanya sisi, labda kuna kikundi kitakachochukua kitu. Tuna jioni ya mauzo kwenye grupu la WhatsApp, mwisho wa mwezi. Hatuingii laivu. Tunatuma video fupi, chini ya nusu dakika kila moja, tulizozirekodi mchana. Tunarekodi mchana kwa sababu ya mwanga, na kwa sababu wakati wa masika mvua ikianza kupiga bati huwezi kusikia hata sauti yako mwenyewe. Simu inasimamishwa juu ya kreti la soda karibu na dirisha, waya wa spika za masikioni unashushwa karibu na mdomo wa msemaji.

Video inayouza kuliko zote ni ya mzani. Unaonekana ukiwa kwenye sifuri. Inawekwa karatasi ya kufungia, mzani unarudishwa sifuri, halafu pilipili manga inamiminwa taratibu mpaka namba isome gramu 100. Hakuna maneno. Mteja wa mtandaoni hofu yake kubwa ni kupunjwa, na pale ameona kwa macho yake. Inayofuata ni ya mdalasini: mwenzetu anauvunja mbele ya simu, na ule mlio wa kitu kikavu unasikika. Mdalasini wenye unyevu haulii hivyo, na wapishi wanalijua hilo.

Saa mbili na nusu usiku grupu linafunguliwa. Binti wa mmoja wetu anasoma meseji kwa sauti, mimi najibu kwa ujumbe wa sauti nikimtaja mteja kwa jina lake, na mama mwingine ana kazi moja tu, daftari: jina, mzigo, amelipa au hajalipa, anakwenda wapi. Kabla ya bei yoyote tunataja Lipa Namba na jina litakalotokea kwenye simu ya mteja anapolipa. Matapeli ni wengi, na mteja akiona jina la mtu asiyemfahamu anasitisha muamala, na ana haki. Wa Dar es Salaam mzigo wao unapakiwa kwenye basi stendi ya Msamvu asubuhi inayofuata, na picha ya risiti ya kifurushi inatumwa kwa kila mmoja kabla hajauliza. Kwa mauzo yanayofuata hiyo picha ya risiti ndiyo tangazo letu kubwa, kwa sababu wateja wenyewe wanaiweka stetasi.

Wengi hawajui kwamba orodha ya matangazo ya WhatsApp, ile unayotuma mara moja ikaenda kwa watu hadi 256, haimfikii mtu ambaye hajaihifadhi namba yako. Unaweza kutuma mwezi mzima ukadhani wateja wamekususa. Ndiyo maana maandalizi ya jioni ile yanaanzia mezani sokoni: mteja akilipa tunamwomba aihifadhi namba yetu palepale, na imechapishwa kwenye lebo pia. Grupu nalo lina uwezo wa watu 1,024, ila likiachwa wazi likajaa salamu za asubuhi na matangazo ya mikopo, wateja wanatoka. Sisi tumeliweka watume viongozi tu, na linafunguliwa jioni ya mauzo.

Nawashauri pia wenzangu wasijenge duka lote kwenye kiwanja cha mtu. Agosti 2025 Instagram ilianza kutaka akaunti iwe na wafuasi 1,000 ndipo iruhusiwe kuingia laivu. Mfanyabiashara mdogo mwenye wafuasi mia tatu waaminifu, waliozoea kumwona kila Ijumaa, alifungiwa mlango bila kosa. Namba za simu za wateja, kwa ridhaa yao, hakuna anayekunyang'anya.

Nimesema kwa ridhaa yao kwa sababu hapo pana jambo linaloniuma. Baada ya kujaza ile fomu ya webina, simu zetu zilianza kupokea meseji za mikopo na bahati nasibu kutoka kwa watu tusiowajua. Sina ushahidi kwamba namba zilitokea kwenye fomu ile, kwa hiyo simtuhumu mtu. Lakini nauliza: somo la vifungashio linahitaji namba ya NIDA kwa kazi gani? Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ambayo imeanza kutumika tangu Mei 2023. Taarifa zikusanywe zile zinazohitajika tu, na mwenye taarifa aelezwe zitatumikaje. Kwa semina, jina na namba ya WhatsApp vinatosha. Kama mfadhili anataka zaidi, tuelezwe sababu kwa Kiswahili kabla hatujajaza, ili anayekataa akatae.

Na baada ya shughuli kwisha, waandaaji wasitoweke. Muhtasari wa sauti wa dakika kumi ungewafikia hata waliokosa. Maswali yaliyobaki yajibiwe ndani ya wiki, yule mama wa TBS ajibiwe kwa jina lake. Miezi mitatu baadaye apigiwe simu aulizwe: ulikwenda SIDO? Lebo umechapisha? Umepata mteja mpya hata mmoja? Majibu hayo yaandikwe kwenye ripoti mahali pa ile idadi ya waliobonyeza linki. Najua ni kazi ngumu kuliko kuhesabu walioingia. Sisi katika kikundi tunaifanya kwa daftari na kalamu, na ndivyo tulivyojua kwamba wateja wengi wa iliki walitoka kwenye vikundi vya kupika vya akina mama wa Dar, tukaacha kupoteza fedha kulipia matangazo yanayozagaa kwa vijana wasionunua viungo.

Kwako Mhariri nina ombi moja. Gazeti lako linasomwa vibandani, saluni na kwenye stendi za mabasi, tena nakala moja inapita mikononi mwa watu wengi. Tenga kona ndogo kila wiki ya kutangaza mafunzo na maonesho ya mtandaoni kwa wafanyabiashara wadogo, na kila mwandaaji atakayetaka kutangaza hapo atakiwe kwanza kutaja saa kwa Kiswahili, lugha ya mafunzo, kiasi cha bando, nani anagharamia bando hilo, na namba ya mtu wa kupigiwa linki isipofunguka. Asiye na majibu hayo asubiri mpaka ayapate.

Msindikaji wa viungo,
Kihonda, Morogoro