Ng'ambo ya barabara hakuna bima

Mhariri,

Wanaosema majimbo ya Marekani yaachiwe shida zake kwa kuwa yako karibu na wananchi, ningependa waje huku Kansas City. Jiji letu limekatwa na State Line Road: upande huu Missouri, ule Kansas.

Kuna mama tunayesali naye, raia, ana miaka 52, watoto wake wameshakua. Anafagia ofisi kwa saa chache na anakaa ng'ambo ya barabara, Kansas. Vidonge vyake vya presha anavikata nusu ili vifike mwisho wa mwezi. Angekaa upande wangu angepata Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo.

Sheria ya afya ya 2010 ilitaka watu wazima wenye kipato kisichozidi asilimia 138 ya kiwango cha umaskini wapate bima hiyo nchi nzima. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ikasema majimbo yasilazimishwe. Missouri wananchi wenyewe waliipigia kura Agosti 2020. Bunge la jimbo likagoma kutoa fedha, hadi mahakama ilipoingilia kati mwaka uliofuata. Kansas wabunge waliipitisha 2017, Gavana Sam Brownback akaikataa, nao wakapungukiwa kura tatu tu kumshinda. Na katiba ya Kansas haiwapi wananchi njia ya kupeleka sheria yao wenyewe kwenye kura, kama walivyofanya wenzao wa Missouri. Huo ndio ukaribu tunaosifiwa?

Linaloniuma zaidi ni hili: ruzuku ya shirikisho ya kununua bima binafsi huanzia penye kiwango cha umaskini. Huyu mama yuko chini yake, kwa hiyo hana Medicaid wala ruzuku. Anakosa kwa sababu ni maskini mno! Tena Kansas ikikubali, Washington, yaani serikali ya shirikisho, ingelipa asilimia 90 ya gharama.

Sisemi majimbo yafungwe mikono. Massachusetts ilianza na sheria yake 2006, na ile ya 2010 ilichota mengi humo. Jimbo lijaribu, liongeze likiweza. Ila kiwango cha chini kiwekwe na serikali ya shirikisho, na jimbo lisiruhusiwe kukishusha. Medicare ya wazee, iliyozaliwa mwaka mmoja na Medicaid, 1965, haimuulizi mzee anakaa upande gani wa barabara.

Mama yetu sasa anatafuta chumba cha kupanga huku Missouri.

Msomaji wako,
Kansas City, Missouri